Uongo wa Mpelelezi na Dhamiri ya Mtazamaji Mkristo

Katika tamthilia za upelelezi za Marekani, kama Law & Order iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC mwaka 1990, liko tukio tulilolizoea hata halitushangazi tena. Mpelelezi anaingia katika chumba cha mahojiano, anaweka jalada mezani, na kumwambia mtuhumiwa kwamba mwenzake aliye chumba cha pili amekwisha kukiri kila kitu, ilhali mwenzake hajasema neno. Mtuhumiwa analegea, anaeleza yote, na sisi tulioketi sebuleni tunafurahi. Wakristo wanaozilalamikia tamthilia hizi hutaja damu, matusi na uasherati. Mimi naona furaha ile ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa mhalifu akidanganya hadithi humwadhibu, lakini mpelelezi akidanganya hadithi humtukuza.

Waandishi wa tamthilia hawakulibuni jambo hilo. Mwaka 1969, katika kesi ya Frazier dhidi ya Cupp, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ungamo la mtu aliyedanganywa na polisi kwamba binamu yake amekiri.

Wanaomtetea mpelelezi wana hoja nzito. Rahabu, alipowaficha wapelelezi wa Israeli, aliwapoteza watu wa mfalme wa Yeriko kwa maneno ya uongo, na bado Waebrania 11:31 inamhesabu miongoni mwa watu wa imani. Sulemani aliamuru mtoto aliyegombewa na wanawake wawili akatwe vipande viwili, amri ambayo kwa dhahiri hakukusudia itekelezwe, na mama wa kweli akajulikana. Tena, mtoto akiwa ametekwa na anayejua alikofichwa akikataa kusema, ni nani atakayemlaumu askari kwa neno moja la hila?

Hoja hiyo ilimfikia Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, karibu mwaka 420, kwa sura inayofanana mno na ya tamthilia zetu. Wafuasi wa Prisiliano, kundi lililohesabiwa na Kanisa kuwa la wazushi, waliificha imani yao kwa kusema uongo, na baadhi ya Wakristo wakapendekeza wajifanye wenzao ili wawafichue. Augustino alikataa, akiuliza tutawezaje kuupiga vita uongo kwa kusema uongo. Kuhusu Rahabu alijibu kwamba Mungu alimlipa kwa sababu ya huruma aliyowatendea watu wa Mungu, wala si kwa sababu ya udanganyifu wake. Jibu hilo ni gumu, na nakiri kwamba mbele ya mtu anayewaficha wanaowindwa sithubutu kulitumia kama fimbo. Lakini Rahabu alikuwa dhaifu akiwakinga watu dhidi ya wenye nguvu, ilhali katika chumba cha mahojiano mwenye nguvu ndiye anayedanganya, na anayedanganywa hana pa kukimbilia.

Tamthilia haituonyeshi upande huo. Mwandishi anajua tangu mwanzo nani ameua, kwa hiyo uongo wa shujaa wake humwangukia mwenye hatia karibu kila mara. Maisha hayana mwandishi wa namna hiyo. Mwaka 1989, katika kesi ya mwanamke aliyeshambuliwa na kubakwa katika bustani ya Central Park jijini New York, vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walihojiwa kwa saa nyingi, na mpelelezi alimwambia mmoja wao kwamba alama za vidole zimepatikana kwenye suruali ya mwathirika, jambo lisilo kweli. Wanne wao walijitia hatiani mbele ya kamera. Hukumu zao zilifutwa mwaka 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vipimo vya DNA kumthibitisha. Mwaka 2021, majimbo ya Illinois na Oregon yalipiga marufuku udanganyifu katika kuwahoji walio chini ya miaka 18.

Sisemi kwamba kuigiza ni kudanganya, maana mwigizaji na mtazamaji wamekwisha kuelewana. Wala sisemi Mkristo azime televisheni. Nasema tu kwamba amri ya Kutoka 20:16, “Usimshuhudie jirani yako uongo,” ilitolewa ikiwa na baraza la hukumu mbele yake, na mtuhumiwa naye ni jirani.

Ndiyo maana naikumbuka habari ya Susana katika Danieli 13, sura iliyomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi. Wazee wawili wamemshitaki mwanamke huyo kwamba amezini na kijana chini ya mti, naye anapelekwa kuuawa. Danieli anawatenga, anamuuliza kila mmoja aliwaona wawili hao chini ya mti gani, na kila mmoja anataja mti tofauti, hata uongo wao unafichuka. Hakumwambia wa pili kwamba wa kwanza amekiri.