Mbaazi za Pauni 13

Jumamosi iliyopita, katika mgahawa mmoja mdogo wa Brixton, kusini mwa London, nililipa pauni 13 kwa sahani ya wali uliopikwa pamoja na mbaazi na tui la nazi, mchicha pembeni, na chumvi haikutiwa hata chembe. Mhudumu alinieleza kwa upole kwamba hicho ni chakula cha vegani, yaani hakina nyama, samaki, yai wala maziwa, na kwamba kimepikwa kwa desturi ya Marasta iitwayo Ital. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilianza kula mbaazi za nazi kabla sijaota meno ya kuzitafuna, na sikuwahi kupewa somo kabla ya kijiko cha kwanza.

Kilichonizuia kununa ni muziki. Ulikuwa unapigwa wimbo wa "Simmer Down" wa 1964, ambao Bob Marley aliuimba na wenzake wa The Wailers wakiwa vijana wadogo, miaka mingi kabla ya yule Marley wa rasta ndefu tunayemwona kwenye vioo vya daladala. Enzi hizo walivaa suti na kupanga sauti kama makundi ya Wamarekani weusi. Mwaka 1966 alimfuata mama yake Wilmington, katika jimbo la Delaware, akafanya kazi kiwandani. Kwa lugha yetu ya ughaibuni, Bob Marley alibeba boksi. Hakumaliza mwaka. Alirudi Jamaika, akaanzisha lebo ndogo na wenzake, kisha kwa muda akaenda kulima kijijini kwao Nine Mile. Suti ilivuliwa, na muziki wake ukaanza kunukia nyumbani, hata Chris Blackwell, mwenye kampuni ya muziki ya Island Records, alipowapa pauni 4,000 mwaka 1972, hapa hapa London, wakarudi Kingston kurekodi albamu ya Catch a Fire.

Marasta waliufanyia mlo jambo lile lile. Mbaazi, majani na mizizi ya shambani, vyakula vya mtu asiye na fedha ya nyama, walivipa jina na heshima, wakavila mbele za watu. Waingereza nao walilibuni neno vegani mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao, miezi michache tu kabla Marley hajazaliwa Februari 1945. Leo London ina migahawa ya namna hiyo kila upande, na foleni zake ni za watu wenye mishahara mizuri.

Na sisi je? Kisamvu cha karanga, kunde, matembele, mchicha wa nazi: mgeni akipiga hodi tunavifunika na kumtuma mtoto akakimbize kuku. Hilo ndilo linalonikera, wala si bei ya Brixton.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema nimeshiba Ulaya, sasa nawafundisha kula majani watu waliokula dona na maharage ya bweni miaka minne mfululizo, wadudu wakiwa ndio kitoweo. Mtasema kuacha nyama ni uamuzi wa mwenye uwezo wa kuinunua, na aliyeikosa hakuacha kitu. Hapo nawakubalia bila ubishi. Nakubali pia kwamba vegani wa hapa humeza vidonge vya vitamini B12, kwa sababu mimea haina, na sitamwambia mama yeyote amnyime mtoto wake yai au maziwa ili tufanane na London. Wala msidhani nimeacha mishkaki. Anayenijua atacheka akisoma hapa.

Ila msinifanye mwenye majivuno kwa kosa la kusifia chungu cha mama yangu. Mwenye majivuno ni yule anayekuja likizo akadai baga. Mimi nalalamika kwamba chakula kile kile tunachokionea haya, wengine wamekiwekea meza, taa na muziki, nami navuka jiji zima kwa treni kwenda kukinunua, kikiwa kimepoteza chumvi njiani. (Chumvi kweli siwasamehi. Najua Marasta wana sababu zao, lakini mbaazi bila chumvi ni adhabu.)

Juzi dada yangu alinipigia simu kuuliza nikifika Desemba nichinjiwe nini, mbuzi au kuku. Nikamwambia nataka mbaazi za nazi na muhogo, basi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ili walio karibu naye wasisikie, kama nimefukuzwa kazi.