Kompyuta Ilidhani Inaanguka

Prodyuza wangu hana tabia ya kukosoa. Yeye huuliza tu. Siku moja nimemaliza kupiga besi juu ya biti yake mpya ya hausi, ule muziki wa dansi wa kompyuta, jasho linanitoka, najiona nimeua kabisa. Akavua hedifoni taratibu, akaniangalia kwa huruma: "Kaka, hivi ulikuwa umechomeka?"

Nilikuwa nimechomeka.

Shida ni kwamba gitaa la besi likipigwa kwa kidole kitupu lina adabu mno kwa muziki huu. Noti inaingia kwa nguvu, halafu inaanza kufifia yenyewe hata hujaifaidi. Besi ya sintesaiza haina mambo hayo. Inaingia, inakaa vilevile ilivyoingia, inakatwa ghafla, na pembeni yake ngoma inadunda mara 128 kwa dakika bila kuomba maji. Ukiitupa besi yangu ya kistaarabu katikati ya vurugu hiyo, ndiyo imekwenda. Dawa yake ni pedali, vile viboksi vya chuma vya kukanyaga kwa mguu vinavyoipotosha sauti kabla haijafika kwenye spika. Na katika kupotosha nina kipaji.

Hapa niseme jambo moja, maana kichekesho chake ni kikubwa kuliko changu. Mwaka 1981 kampuni ya Roland ilitoa kimashine kiitwacho TB-303, kimsindikize mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Yaani kikae kiti cha mpiga besi. Kwa bahati mbaya hakikufanana na besi hata kidogo. Wateja wakakikimbia, mwaka 1984 kikaacha kutengenezwa, vingi vikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana wa Chicago wakavikuta huko, wakazungusha vitufe vya filta, yaani kichujio cha sauti, hadi kimashine kikaanza kulia na kukoroma, na acid house, tawi la hausi lenye mlio huo, ikazaliwa. Sasa fikiria: mashine ilitengenezwa imuige mpiga besi, ikashindwa, na leo mpiga besi anahangaika na pedali ili aige mashine iliyoshindwa kumuiga yeye. Nilimweleza prodyuza haya yote kwa hisia kali. Akasema, "Sawa mzee. Lakini besi bado siisikii."

Nikaenda kutafuta pedali.

Ya kwanza ilikuwa oktava. Kazi yake ni kuchukua noti unayopiga na kuongeza nyingine chini yake, oktava moja kamili, yaani noti ileile inayotetemeka nusu ya mara. Noti zinapata kifua. Lakini ina masharti: inataka noti moja moja, inataka kukaa mbele ya pedali nyingine ili ipokee sauti safi, na haipendi kabisa uzi mnene upigwe wazi, bila kubonyezwa na kidole. Uzi huo, uzi wa E, kwenye besi ya nyuzi nne unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Ukigawa kwa mbili unapata 20 na ushee, pale ambapo sikio la binadamu linafunga duka. Kwa hiyo wajuzi hupanda juu kidogo shingoni, wakapiga kuanzia noti ya A au zaidi, oktava ikawashushia mzigo mahali panaposikika. Mimi mambo haya niliyajua. Kuyajua ni kitu kimoja, na kuukuta uzi wa E umekaa pale wazi, haumdai mtu chochote, ni kitu kingine.

Ya pili fazi. Hii inafyeka vilele vya mawimbi ya sauti mpaka yanakuwa bapa, sauti inachanika vizuri, inajaa miguno ya juu ambayo hata spika ya simu inaitoa. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake, fazi nyingi hula besi yenyewe, ukabaki na nyuki watupu. Ndiyo maana mpiga besi anatafuta ile yenye kitufe cha kuchanganya sauti chafu na safi. Yangu ilikuwa nacho. Jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika, kilichobaki ni herufi mbili na mkwaruzo, nikaona hiyo ni dalili ya uzoefu.

Ya tatu ndiyo iliyoleta ugomvi: filta. Ile inayofunguka kulingana na nguvu ya kidole chako. Ukipiga kwa nguvu inasema "wau", ukipapasa inasema "mm". Swali likawa ikae mbele ya fazi au nyuma yake. Kwa mantiki ya sintesaiza, unaanza na sauti tajiri ndipo filta inaichonga, kwa hiyo fazi kwanza. Prodyuza akapinga: fazi ikishabamiza kila kitu kikawa na ukubwa mmoja, filta itajuaje kwamba umepiga kwa nguvu au kwa upole? Nikasema itajua. Akasema haitajua. Nikamkumbusha kwamba miguu inayokanyaga ni yangu. Nikaiweka nyuma ya fazi, na kweli bwana, ikagoma. Nipige kwa hasira, nipige kwa mapenzi, yenyewe ilikuwa "waa" moja tu, mdomo wazi muda wote. Nikatangaza kwamba huo ndio mtindo wangu.

Mazoezi nilifanya chumbani kwa amplifaya yangu ndogo, spika yake inchi nane. Nikaiwasha oktava: kimya. Nikaongeza: kimya. Nikazungusha kitufe mpaka kikagota. Kwa mbali nikahisi kitu kimepita, kikaenda zake. Nikasema basi, pedali hii ina heshima, haipigi kelele. Ukweli ni kwamba spika ya inchi nane haina uwezo wa kuitoa noti ile. Mzigo wote ulikuwa mle ndani, umekaa, unasubiri mahali pa kutokea.

Mahali hapo palikuwa ukumbini: sabufa za inchi kumi na nane, zimepangwa chini ya jukwaa mstari mzima. Tulichelewa kufika. Fundi mitambo, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Bosi, nipe besi." Nikampa noti moja tamu kwenye uzi mwembamba, pedali zote zimezimwa. "Safi," akasema, akaenda kushughulika na mengine. Hakuniomba noti nyingine, nami si mtu wa kulazimisha.

Onyesho likaanza. Jukwaa lilikuwa pana kuliko nilivyozoea, kwa hiyo kutoka kwenye besi hadi kwenye pedali nilitumia waya wangu mrefu kupita wote, ule mwembamba niliookota sijui wapi. Prodyuza akawa anapandisha: ngoma zinaongezeka kasi, sauti inapanda, watu mikono juu, taa zinazimika moja moja, na kila mtu anajua kinachofuata. Sekunde ya ukimya. Nikakanyaga pedali zote tatu. Biti ikadondoka, na mimi nikadondoka nayo, uzi wa E, wazi, kwa nguvu zangu zote.

Sauti sikuisikia. Suruali yangu ndiyo iliyosikia. Ilianza kupepea kuanzia magotini kushuka chini. Chupa ya maji iliyokuwa mezani kwa prodyuza ikatembea yenyewe hadi ukingoni, ikafikiri kidogo, ikaruka. Mtu wa mstari wa mbele akajishika kifua na kumgeukia mwenzake aone kama naye kashikwa. Na muziki ukazima.

Wote tukamwangalia prodyuza. Prodyuza akaangalia kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya zamani, zile zenye diski inayozunguka, na ndani yake kuna kitambuzi cha mtikisiko. Kompyuta ikihisi inaanguka, inainua haraka vichwa vinavyosoma diski ili visije vikaikwaruza. Ulinzi mzuri sana. Sasa meza ilikuwa imekaa juu ya sabufa, na kompyuta, kwa mujibu wa taarifa zote ilizokuwa nazo, ilikuwa inaporomoka kutoka ghorofani. Ikajisalimisha.

Nilipoacha kupiga, meza ikatulia, kompyuta ikajihakikishia kwamba iko hai, biti ikarudi. Watu wakashangilia, wakadhani ndiyo ufundi. Nikafurahi, nikapiga E. Biti ikakata. Nikaacha, ikarudi. Nikapiga, ikakata. Prodyuza, mtu asiyekosoa, akaanza kunipungia mikono yote miwili. Mimi nikaelewa kwamba anataka zaidi. Nikampa zaidi, na programu yake ikaganda moja kwa moja, kioo kikawa cheupe. Akainama kuiwasha upya. Nami nikaondoa mikono kwenye nyuzi ili ukumbi utulie.

Katika ule utulivu, besi yangu ikasema: "...anaambaa na mpira pembeni kushoto..."

Nieleze kidogo. Fazi ni amplifaya yenye uroho, kinachoingia chochote inakikuza mara nyingi sana. Waya mrefu usiokingwa vizuri ni antena. Na transista ya kwanza ndani ya fazi inaweza, bila kuombwa na mtu, kufanya kazi ya redio ya masafa ya AM: kuyatoa maneno kwenye wimbi lililoyabeba. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama jukwaani, mbele ya ukumbi mzima, nimevaa redio.

Na filta sasa! Filta iliyokataa vidole vyangu wiki nzima, ikamtii mtangazaji. Sauti yake ilikuwa inaingia dhaifu, fazi haikuwahi kuibamiza, basi kila alipopaza, filta ikafunguka naye. Mpira ukiwa katikati ya uwanja alikuwa "mm-mm-mm". Ukisogea golini akawa "mmwaaWAUWAUWAU". Nikajua kwamba kuhusu mpangilio wa pedali nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila mpigaji ndiye alikuwa si mimi.

Watu wakacheka kwanza. Halafu wakaanza kunyamazishana. "Shhh! Ni mechi!" Nikapapasa kwa mguu gizani nitafute fazi niizime. Nikazima oktava: hakuna tofauti. Nikazima filta: mtangazaji akatoka msafi zaidi, anaeleweka hadi kwenye koma. "Refa anaonyesha... ni penaltiii!" Nusu ya ukumbi ikaruka juu. Nusu nyingine ikashika vichwa.

Nikaiona fazi. Nikaikanyaga. Kimya.

"Washaaa!"

Sijawahi kuombwa kurudia kwa moyo namna ile tangu nianze kupiga muziki. Nikawasha. Mtangazaji hayupo, mlio mtupu. Kumbe nilikuwa nimeshika nyuzi, na mkono ukigusa nyuzi za besi kelele za namna hiyo hupungua, mwili wako unaungana na waya wa chini, yaani wa ethi. "Acha kushika!" dada mmoja wa mbele akanifokea. "Kaka, toa mikono!" Nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na mtangazaji akarudi, sauti imetulia, mpira umewekwa kwenye nukta. Waliokuwa nyuma kabisa, wasiosikia vizuri, waliniona nimeinua mikono wakadhani ndiyo staili. Nao wakainua. Ukumbi mzima mikono juu, kimya, tunasubiri penalti.

"Anavuta pumzi... anaanza kukimbia..."

Na kompyuta ikawaka. Prodyuza, ambaye muda wote alikuwa amejifungia ndani ya hedifoni na hajui dunia ilikofika, akabonyeza kitufe kwa furaha ya mtu aliyeokoa jahazi. Biti ikamwagika, 128 kwa dakika, sauti ya mwisho. Akainua uso apokee shangwe.

Nimeshiriki maonyesho yaliyokwenda vibaya, lakini kuzomewa kwa sababu muziki umerudi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kuna aliyetupa kofia. Prodyuza akanigeukia akiwa amekunja uso wote, akauliza, "Nimekosea ufunguo wa wimbo?"

Tulimaliza onyesho hivyo hivyo. Fundi mitambo alipanda jukwaani katikati ya wimbo, akaninong'oneza, "Bosi, ile noti yako ya chini wewe huisikii, mimi siisikii, basi nimeikata." Akawa amefyeka kila kitu kinachotetemeka chini ya hezi 30 na ushee, yaani mara 30 na ushee kwa sekunde, kwenye mixa, na hapo ndipo besi ikaanza kusikika kwa mara ya kwanza usiku ule, nene, ya kueleweka, na suruali yangu ikatulia. Baadaye prodyuza alibadili diski, akaweka isiyozunguka, isiyo na sababu ya kuogopa kuanguka. Fazi nimebaki nayo. Waya mrefu aliuchukua yeye, akasema anauhifadhi. Juzi nimemkuta ameuchomeka, anarekodi.

Lakini usiku ule, nikiwa nakunja nyaya, akanijia jamaa mmoja kavaa jezi, macho yamemtoka. "Mkubwa, samahani. Ile penalti iliingia?"

Mimi nilikuwa na adapta mdomoni na pedali kwapani, nataka kulala. "Iligonga mwamba," nikamwambia.

Jamaa akanikumbatia, akaninyanyua mimi na pedali zangu. Ndipo nikamwona aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, naye kaja kuuliza, kavaa jezi ya rangi nyingine, na kaniangalia vile mtu anavyomwangalia aliyepiga ile penalti. Nikauliza mlango wa nyuma uko wapi.