Kabla ya Kumwita Mtoto Mkaidi

Mtu mzima akiugua sonona, wengi wetu tunajua tutarajie nini: huzuni, machozi, kujitenga na watu, kukosa usingizi na hamu ya kula. Kijana wa miaka 14 mwenye ugonjwa huohuo anaweza asidondoshe chozi hata moja mbele ya wazazi wake. Tutakachokiona ni hasira za karibu, majibu ya mkato, ugomvi na wadogo zake kila jioni, na maksi zinazoporomoka muhula baada ya muhula. Hapo huitwa mkaidi, jeuri au mvivu, na adhabu humfikia mapema kuliko msaada. Madaktari wana vigezo vinavyosema wazi kwamba, kwa watoto na vijana, wepesi wa kukasirika unaweza kuchukua nafasi ya huzuni katika kutambua sonona. Inasikitisha kwamba jambo hilo limebaki hospitalini, ilhali wanaoshinda na mtoto kutwa nzima ni wazazi na walimu.

Ninavyoona mimi, njia ya kwanza ya kumtambua mtoto anayeumwa ni kumlinganisha na yeye mwenyewe alivyokuwa, na kuacha kumlinganisha na kaka yake au na anayeongoza darasani. Mtoto aliyezaliwa mpole hana ugonjwa kwa sababu ya upole wake. Lakini binti aliyekuwa akishinda na marafiki, kisha akawaacha wote bila ugomvi wowote, akaacha kuchora alichokuwa akikipenda, akawa anakesha usiku na kusinzia darasani, huyo amebadilika, na mabadiliko yake yanahitaji kuulizwa. Dalili za namna hiyo zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na zikaanza kuvuruga masomo, usingizi au uhusiano wake na watu, haitoshi tena kusema kwamba ni mambo ya balehe. Balehe huleta hisia zinazopanda na kushuka. Haimnyang'anyi mtoto kila kilichokuwa kikimfurahisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Maana yake ni kwamba katika darasa la wanafunzi 40 tunaweza kutarajia wapatao 5 au 6, na mwalimu anayeamini kwamba hajawahi kumfundisha hata mmoja huenda aliwaandika wote katika daftari la utovu wa nidhamu.

Tatizo ambalo watu wazima hulikosea zaidi, tena kwa upendo kabisa, ni wasiwasi uliopitiliza. Mtoto analalamika tumbo kila asubuhi ya siku ya shule. Anapimwa, haonekani na ugonjwa wowote, na siku za mapumziko tumbo linatulia. Nyumba hugawanyika: mmoja anasema anadanganya, mwingine anamwonea huruma na kumwacha alale. Wote wawili wamekosea. Maumivu yale ni ya kweli, kwa kuwa hofu husukuma mwili mzima, tumbo likiwemo. Hata hivyo, kila anaporuhusiwa kubaki nyumbani hofu inashuka papo hapo, na akili yake inajifunza kwamba usalama umo katika kukwepa, hivyo kesho yake shule inatisha maradufu.

Tiba yake inajulikana na haihitaji mitambo. Mtaalamu humsaidia mtoto kuorodhesha vitu vinavyomtisha kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha wakavikabili kimoja kimoja: leo kufika getini na kusimama pale mpaka mapigo ya moyo yatulie, siku nyingine kuingia darasani kipindi kimoja, baadaye kukaa hadi saa ya mapumziko. Hasukumwi kwa nguvu, wala haachiwi akimbie wakati hofu iko kileleni. Mzazi naye ana kazi, na pengine yake ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu anatakiwa amwone mwanawe akitetemeka na asimwondoe.

Kuhusu dawa, sikubaliani na wanaozikataa kabisa wala na wanaozitaka ziandikwe siku ya kwanza. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulifuatilia watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 wenye wasiwasi uliopitiliza. Kati ya waliopata tiba ya mazungumzo na mtaalamu, ikiwemo kukabili hofu hatua kwa hatua, pamoja na dawa, takriban asilimia 81 walipata nafuu kubwa; kati ya waliopata mazungumzo peke yake ni asilimia 60, waliopata dawa peke yake asilimia 55, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake asilimia 24. Ndiyo maana kwa mtoto ambaye hali yake si mbaya sana ningeanza na mazungumzo, na dawa ziongezwe pale ugonjwa unapomlemea. Ni kweli pia kwamba mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona, ambazo ndizo hutumika pia kutibu wasiwasi, ziwekewe onyo zito, kwa kuwa katika majaribio mawazo na vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya watoto waliozitumia, dhidi ya asilimia 2 ya wasiozitumia, ingawa hakuna aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Onyo hilo linadai mtoto afuatiliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Kuziacha ghafla kwa uamuzi wa mzazi kuna madhara yake.

Lipo swali ambalo wazazi wengi wanaliogopa: je, umewahi kuwaza kujiua? Wanadhani kulitamka ni kumpandikizia mtoto wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Kuuliza waziwazi na kwa utulivu hakuongezi hatari, na vijana wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Akijibu ndiyo, asihubiriwe wala asiapishwe. Asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani na sumu za wadudu zifungiwe mahali asipopafikia, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Akilazwa, familia isilegee anaporuhusiwa, kwa sababu wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ni miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa zaidi. Tarehe ya kurudi kliniki ijulikane kabla hajaondoka wodini, na nyumbani pawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba haipiti.