Pengwini haikushindwa kuruka

Mwandishi mmoja ameiita Pengwini ya Blériot, ndege ya mafunzo ya Wafaransa, "ndege iliyoshindwa kuruka". Hapana, tuitendee haki. Mabawa yake yalifupishwa makusudi ili mwanafunzi wa jeshi la Ufaransa, akiwa peke yake kwenye kiti kimoja, akimbie uwanjani bila kupaa. Pale Pau na Avord, kwenye shule za urubani za Ufaransa, ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya mafunzo.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Unaongeza moto wa injini, unasukuma fimbo ya kuongozea mbele kidogo mpaka mkia uinuke, kisha unashika mstari ulionyooka kwa miguu tu, ukikanyaga pedali za usukani wa mkia. Ukisukuma kupita kiasi, pua inainama na propela inachimba udongo. Ugumu mkubwa ni kwamba uzito uko nyuma ya magurudumu: mkia ukiponyoka hata kidogo, unataka kutangulia, na ndege inazunguka kama pia. Mgeni hukanyaga akiwa amechelewa, halafu anakanyaga mno. Wengine hupunguza moto katikati ya mzunguko, na hapo usukani wa mkia unakosa upepo wa propela na kulegea kabisa.

Wamarekani waliiga wazo hilo kwa Breese Penguin, wakatengeneza 301, na karibu zote hazikutumika. Injini yake ya Lawrance, silinda mbili, nguvu farasi 28, ilikuwa na pistoni zote mbili kwenye pini moja ya krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Zilikwenda upande mmoja kwa pamoja, kwa hiyo mtetemo ulikuwa mkali mno.