Nafasi ya Vihisi Katika Shamba la Mikorosho na Suala la Betri

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anayetaka kufahamu hali ya joto na unyevu ndani ya mikorosho yake kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujashika maua anaweza kufunga vihisi vidogo vinavyopashana taarifa kwa redio, kimoja hadi kingine, mpaka kwenye kituo cha kupokelea. Tatizo ni betri, kwa sababu kila inapokwisha lazima mtu aingie shambani aitafute nodi, yaani kihisi pamoja na redio yake, na kubadilisha betri. Wapo wanaoamini kwamba dawa ya tatizo hili ni kupanga nodi mahali panapofaa. Wengine wanasema mahali si hoja, hoja ni muda ambao redio inakaa wazi. Kwa maoni yangu, mpangilio una uzito mkubwa, ila hauwezi kutangulia.

Hoja ya kwanza ina hesabu nzuri nyuma yake. Katika kielelezo kilichotolewa mwaka 2000 na Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan, watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, saketi za redio hutumia nanojuli 50 (nanojuli ni sehemu ya bilioni ya juli, kipimo cha nishati) kwa kila biti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa, iwe ya kutumwa au ya kupokewa, na kikuza mawimbi hutumia pikojuli 100 (sawa na nanojuli 0.1) kwa biti zikizidishwa kwa mraba wa umbali katika mita. Biti moja ikirushwa mita 100 kwa mkupuo mmoja, gharama ya kutuma na kupokea ni nanojuli 1,100. Ikipitishwa kwa hatua tatu zilizo sawa, gharama hushuka hadi takriban 633. Lakini ikipitishwa kwa hatua kumi za mita 10, inarudi palepale kwenye 1,100, kwa kuwa kila kituo cha njiani kinalipia kupokea na kutuma upya. Kwa hiyo anayedhani kwamba kujaza nodi nyingi shambani ni kuokoa nishati amekosea sawa na anayeziweka mbali kupita kiasi.

Kwa kielelezo hicho, hatua yenye gharama ndogo kabisa ni ya mita 32 hivi. Mikorosho inayopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari, inatoa mpangilio unaokaribiana na hapo: nodi moja kila baada ya mita 36, yaani kwenye kila mti wa tatu. Kuweka nodi kwenye kila mti kunapandisha gharama ya kusafirisha biti kwa kila mita kwa karibu nusu.

Hata hivyo, usawa wa nafasi una hatari yake. Chukua mstari wa nodi kumi unaoishia kwenye kituo kilichopo nyumbani, pembeni mwa shamba. Nodi ya mwisho, iliyo karibu na kituo, hupokea ujumbe wa nodi tisa na kutuma wa nodi kumi, ilhali ile ya mbali hutuma wake tu. Iliyo karibu na kituo ikifa, zote zilizo nyuma yake hunyamaza zikiwa na betri zenye nguvu. Kituo kikihamishiwa katikati ya mstari, nodi zinazokipakana hutuma ujumbe wa nodi tano tu kila moja. Gharama yake ni kwamba kituo kitahitaji paneli ya jua shambani badala ya umeme wa nyumbani, pamoja na ulinzi. Naona gharama hiyo inalipa.

Upande wa pili una ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa. Redio ya CC2420, iliyotumika kwenye nodi za aina ya TelosB, hutumia miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu yake ya juu na 18.8 inapopokea, yaani kusikiliza tu kunagharimu zaidi ya kusema. Betri ya miliampea-saa 2,500 ingekwisha kwa siku zisizozidi sita redio ikiachwa wazi, hata nodi zingekuwa zimepangwa kwa ustadi gani. Redio ikiamshwa kwa asilimia 1 ya muda, sehemu hiyo ya matumizi ingeruhusu zaidi ya mwaka mmoja. Ndiyo maana ratiba ya kuilaza na kuiamsha redio itangulie, kisha mpangilio.

Lipo pia la shamba lenyewe. Kielelezo kile kinachukulia kwamba eneo ni la wazi, lakini majani ya mkorosho yaliyolowa umande hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, na vimelea vya ubwiriunga hujihifadhi kwenye machipukizi yaliyo kivulini ndani ya mti. Kihisi kinachofaa kwa zao kinatakiwa humo kivulini. Antena inataka juu, nje ya matawi. Kuviunganisha kwa waya mfupi ni bora kuliko kukitoa kihisi kivulini ili kuiridhisha redio, maana takwimu za nje ya kivuli hazimsaidii mtu kuamua siku ya kupuliza salfa.

Baadhi husema teknolojia ya redio ya LoRa, inayofika kilomita kadhaa bila nodi za kupokezana, imeumaliza mjadala. Sikubaliani nao. Nodi iliyo mbali au iliyozibwa hulazimika kutumia kasi ya chini, na ujumbe uleule unaweza kukaa hewani mara 20 au zaidi ya ule wa kasi ya juu, huku betri ikilipia muda wote huo. Swali la mahali linahamia kwenye kituo: kiwe juu kiasi gani, na kihudumie mashamba ya nani. Chama cha msingi cha ushirika kikinunua kituo kimoja kwa wanachama wengi, kipime mawimbi asubuhi na mapema wakati mikorosho imechipua majani mapya yenye umande, wala si mchana mkavu miti ikiwa imepukutisha.