Msimuulize mwalimu peke yake

Matokeo ya mitihani yakitoka, shule za maeneo yenye vita huburuta mkia, na hapo watu huanza kuulizana walimu wa huko wanafanya kazi gani. Swali hilo huniudhi. Mwalimu mwenyewe huenda alishakimbia na wanawe, na aliyebaki anashika madarasa matatu kwa mpigo huku mshahara haujaingia.

Shule iliyochomwa kila mtu anaiona. Tunayemsahau ni mtoto ambaye bado anahudhuria. Ameketi, daftari liko wazi, ila sikio liko nje. Mlango ukibamizwa anaruka. Usiku hakulala. Mwalimu anaeleza sehemu na desimali, yeye anawaza kama baba atarudi. Akili iliyo macho kwa hatari haina pa kuweka jedwali la kuzidisha, na anayemwita mtoto huyo mzito anamwonea. Nadhani hesabu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa kila mada imesimama juu ya nyingine: aliyekosa sehemu kwa miezi miwili, aljebra atakutana nayo kama mgeni.

Tena bunduki zikinyamaza, pengo hilo halizibiki lenyewe. Wachumi Andrea Ichino na Rudolf Winter-Ebmer walichambua takwimu za Wajerumani na Waustria waliokuwa na umri wa miaka 10 hivi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikuwa wamepata elimu ndogo kuliko rika lao wa Uswisi na Uswidi, ambako hapakuwa na vita, na miaka 40 baadaye bado kipato chao kilionyesha hasara.

Tangu 2015 lipo Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo, ambalo nchi zinazoliunga mkono huahidi kulinda shule na kuwazuia wanajeshi kuzigeuza kambi. Nalikubali, ingawa si sheria yenye meno (na askari akilala darasani, madawati huishia kuwa kuni). Ila linalinda zaidi jengo. Mabaraza ya mitihani nayo yaamke: yatoe nafasi ya pili ya kufanya mtihani, na yakubali ushahidi mwingine pale cheti kilipoungua na nyumba. Leo kijana aliyebakiza mwaka mmoja amalize sekondari anavuka mpaka, anarudishwa madarasa mawili nyuma kwa kukosa karatasi, kisha tunashangaa akiacha shule.