Kabla ya kuuliza waifai inafika wapi, uliza itatunzwa mpaka lini

Mwezi uliopita niliitwa kwenye ofisi ya mawakala wa forodha hapa Dar es Salaam, watu tisa, ghorofa ya pili. Shida yao ilikuwa ile ile ya kila siku: waifai haifiki chumba cha mhasibu. Bosi alikuwa ameshaamua dawa yake, kwamba niende Kariakoo nimletee "yenye antena nyingi".

Kabla sijatoka nikafungua mipangilio ya kifaa walichokuwa nacho. Famuwea, yaani ile programu inayokiendesha kifaa, ilikuwa ya mwaka 2016. Nikatafuta toleo jipya, halikuwepo. Mtengenezaji alishakiacha. Na hapo ndipo zilipokuwa zikipita hati za mizigo ya wateja, namba za TIN, kila kitu. Kweli, tovuti ya benki inajifunga kwa usimbaji wake yenyewe, lakini folda ya pamoja ya ofisi haina ulinzi huo, na printa ndiyo kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la kwanza mbele ya muuzaji ni hili: mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya usalama ya akses pointi hii, yaani kifaa kinachorusha waifai, mpaka mwaka gani? Nilimuuliza muuzaji wa kwanza, akanijibu kwa mita. Wa pili akanijibu kwa spidi. Siwalaumu sana, kwa sababu sisi wanunuzi ndio tumewazoesha.

Mei 2021 mtafiti Mathy Vanhoef alitangaza kasoro alizoziita FragAttacks. Alikuwa amepima vifaa zaidi ya 75 vya waifai, na kila kimoja kilikutwa na angalau kasoro moja. Baadhi zilikuwa kwenye ubunifu wa waifai wenyewe, tangu 1997. Maana yake hakuna jina la kampuni lililokukinga siku ile, hata liwe kubwa namna gani. Waliopona ni waliopelekewa sasisho wakaliweka. Kifaa cha ghorofa ya pili hakikupelekewa kitu.

Jambo la pili ni WPA3, yaani kufuli jipya la waifai lililokuja baada ya WPA2, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu watu wengi wanaiona kama herufi tu kwenye boksi. Kwenye WPA2, ambayo imekuwapo tangu 2004, mtu anaweza kuegesha gari barabarani, akanasa jumbe nne ambazo simu na akses pointi hupeana wakati wa kuungana, kisha akaenda zake. Akifika kwake, kompyuta inabahatisha pasiwedi usiku kucha bila nyinyi kujua lolote. Sasa fikiria pasiwedi ya ofisi zetu nyingi ni nini. Ni namba ya simu ya bosi. Inaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inazimaliza zote chini ya saa moja. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba njia hiyo: kila anapotaka kubahatisha, lazima arudi akigonge kifaa chenyewe, pale pale. Tangu Julai 2020 kifaa kipya hakipati cheti cha Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni unaothibitisha vifaa vya waifai, bila kuwa nayo, kwa hiyo sioni sababu ya kununua leo kisichokuwa nayo.

Kuna mtego hapo, hata hivyo. Mafundi wengi huwasha hali ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 kwa jina moja, ili printa ya zamani isilalamike. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mshambuliaji anaweza kukirudisha kifaa cha mteja kwenye WPA2, na ulinzi wote ukawa kama haupo. Mimi printa naitengea mtandao wake, na wageni wao, kila mmoja kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile, halafu mtandao wa wafanyakazi unabaki WPA3 peke yake. Kwa hiyo akses pointi isiyojua VLAN siinunui, hata iwe nusu bei. WPS, ile njia ya kuungana kwa kitufe au PIN badala ya pasiwedi, naizima bila mjadala; PIN yake ya tarakimu nane ilijulikana tangu 2011 kwamba inaweza kupatikana kwa majaribio 11,000 tu.

Na kuna jambo ambalo lingetusaidia wote. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, vifaa vya watumiaji vinavyounganishwa kwenye mtandao haviuzwi bila mtengenezaji kutaja muda wa masasisho, na pasiwedi moja ya kiwandani kwa vifaa vyote imepigwa marufuku. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tayari inakagua na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano. Naiomba iongeze swali hilo moja, na jibu liandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayomtaka mwenye ofisi alinde taarifa za wateja. Atazilindaje kwa kifaa ambacho hata tarehe yake ya kufa haijui?

Ofisi ile tuliweka akses pointi mbili za kawaida za darini, moja karibu na mhasibu, zinazopata umeme kwa waya ule ule wa mtandao. Zilizidi bajeti ya bosi, na tulibishana karibu saa nzima. Alikubali nilipomwonyesha ukurasa wa mtengenezaji wenye sasisho la mwezi ule ule.

Kile cha zamani alitaka kumpa mdogo wake akakitumie nyumbani. Nilimwomba asimpe. Nikakifuta mipangilio yote, maana jina la ofisi na pasiwedi vilikuwa bado ndani, nikaondoka nacho.